Kuzungumzia Muziki Mtulivu kwa Kislovakia: Mambo Yanayomkabili Mzungumzaji wa Kiswahili

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kislovakia hukutana mapema na maneno mawili yanayoonekana mepesi: ‘tichá hudba’. La pili maana yake ni muziki. La kwanza, akilitafuta katika kamusi, atapewa maana mbili au tatu ambazo kwa Kiswahili hazikai nyumba moja: -a kimya, -tulivu, -a sauti ya chini. Akitafsiri neno kwa neno atapata ‘muziki wa kimya’, na msemo huo unajipinga wenyewe, kwa kuwa palipo na kimya hapana muziki, na muziki ukianza kulia kimya kimekwisha ondoka. Hata hivyo Mslovakia asemapo ‘tichá hudba’ hasemi fumbo. Anataja jambo la kila siku, yaani muziki unaosikika chumbani bila kuyazuia mazungumzo ya waliomo.

Makala haya yanakusudia kueleza namna Kislovakia kinavyougawa uwanja huu mdogo wa maana, na kuonyesha mahali ambapo mgawanyo huo haulingani na ule wa Kiswahili. Itaonekana kwamba ugumu haumo sana katika wingi wa maneno mapya. Umo katika maneno matatu ya Kiswahili ambayo mwanafunzi huenda nayo bila kuyashuku, nayo ni ‘sauti’, ‘chini’ na ‘polepole’. Kila moja kati ya hayo limebeba maana zaidi ya moja, na Kislovakia huzitenganisha maana hizo bila huruma.

Kislovakia ni mojawapo ya lugha za Kislavi cha magharibi, ndugu wa karibu wa Kicheki na wa mbali kidogo wa Kipolandi. Ni lugha ya taifa la Slovakia, nchi iliyojitenga rasmi tarehe 1 Januari 1993 baada ya Chekoslovakia kugawanyika. Usanifishaji wake ulipitia njia ambayo wasomi wa Kiswahili hawataiona ngeni. Anton Bernolák alitoa kanuni za kwanza mwaka 1787 akitegemea matumizi ya magharibi mwa nchi. Mwaka 1843 Ľudovít Štúr na wenzake wakaamua kuijenga lugha ya maandishi juu ya lahaja za kati, na uamuzi huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndio msingi wa lugha sanifu hadi leo. Waafrika nao si wageni kabisa katika lugha za eneo hilo. Chuo Kikuu cha 17 Novemba kilichofunguliwa Prague mwaka 1961, na kufungwa mwaka 1974, kiliwekwa hasa kwa ajili ya wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Na huko Bratislava, Chuo Kikuu cha Comenius kimekuwa na masomo ya kiangazi ya Kislovakia kwa wageni tangu mwaka 1965.

Matamshi

Kabla ya maana kuna ulimi. Neno ‘tichý’ lina mitego miwili kwa yeyote aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili. Herufi ‘ch’, ambayo katika alfabeti ya Kislovakia huhesabiwa kuwa herufi moja na hupangwa baada ya ‘h’, haitamkwi kama katika ‘chai’. Hutamkwa kama ‘kh’ ya watu wa pwani katika ‘sheikh’ au ‘kheri’. Na ‘t’ inayotangulia ‘i’ haibaki ‘t’ ya kawaida; hulainishwa, ulimi ukipanda kwenye kaakaa gumu, karibu na mahali unapogusa mtu atamkapo ‘ny’ ya ‘nyama’. Waslovakia wenyewe huziita konsonanti za namna hii konsonanti laini, kwa neno ‘mäkký’ ambalo hutumika pia kwa mto wa kulalia na kwa mkate usiokauka.

Jambo zito zaidi ni urefu wa irabu na mahali pa mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo hurefuka kidogo. Katika Kislovakia sanifu mkazo huwa katika silabi ya kwanza, na urefu ni jambo jingine kabisa lisilofungwa na mkazo: katika ‘tichá’ mkazo uko juu ya ‘ti’, lakini irabu ndefu ni ya mwisho. Yafaa kutaja, kama pambizoni, kwamba lahaja za mashariki mwa Slovakia hazina irabu ndefu, na mkazo wao uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayeshindwa kuacha lafudhi yake hukosea kwa namna inayofanana na usemi wa watu wa mashariki. Walimu wa lugha sanifu hawatamsamehe kwa sababu hiyo, lakini si vibaya ajue kwamba ana wenzake.

Urefu huo una sheria yake, iitwayo ‘rytmický zákon’, yaani kanuni ya wizani: kwa kawaida silabi mbili ndefu hazifuatani ndani ya neno moja. Kivumishi ‘tichý’ kina kiishio kirefu kwa sababu shina lake ni fupi. Kivumishi ‘krásny’, maana yake -zuri, kina kiishio kifupi kwa sababu shina lake tayari ni refu. Kwa hiyo asemaye ‘krásna tichá hudba’, muziki mzuri mtulivu, ametumia kiishio kile kile cha kisarufi mara mbili, kwanza kikiwa kifupi, kisha kikiwa kirefu. Kanuni hii, iliyotoka katika lahaja za kati, huzuia urefu usirundikane mahali pamoja. Mwanafunzi mwenye sikio lililozoea mizani za mashairi ataishika upesi kuliko yule anayeikariri kama jedwali.

Upatanisho wa kisarufi hautaji maelezo marefu kwa mtu aliyekua na ngeli. ‘Hudba’ ni jina la jinsia ya kike, hivyo ‘tichá hudba’. ‘Spev’, uimbaji, ni la kiume, hivyo ‘tichý spev’. ‘Miesto’, mahali, halina jinsia hizo mbili, hivyo ‘tiché miesto’. Mtu asemaye ‘wimbo mwororo’ na ‘nyimbo nyororo’ hawezi kulishangaa jambo hili. Kinachoshangaza ni ‘husle’, fidla, jina lisilo na umoja. Fidla moja ikipigwa taratibu husemwa ‘husle hrajú potichu’, kitenzi kikiwa katika wingi, ingawa mpigaji ni mmoja na chombo ni kimoja.

Sauti, chini, polepole

Neno ‘sauti’ katika Kiswahili ni jina la mambo mengi. Ni sauti ya mtu, ni mlio wa kitu chochote, ni noti ya muziki, ni sehemu ya kwaya (sauti ya kwanza, ya pili), na kwa wanaisimu ni foni. Kislovakia kina neno kwa kila moja. ‘Zvuk’ ni sauti yoyote inayofika sikioni. ‘Hlas’ ni sauti ya mtu au mnyama, na pia sehemu ya kwaya. Hata kura apigayo mwananchi huitwa ‘hlas’. ‘Tón’ ni sauti ya muziki yenye kidatu maalumu. ‘Hláska’ ni sauti ya lugha, ile inayochunguzwa na mwanafonetiki. Kwa hiyo maneno ‘punguza sauti’ hayawezi kufasiriwa kabla ya kujulikana ni sauti ya nini. Redio ikipiga kelele, husemwa ‘stíš zvuk’ au ‘stíš rádio’. Mtu akipaza sauti, husemwa ‘stíš hlas’.

Neno ‘chini’ lina hatari kubwa zaidi. ‘Sauti ya chini’ kwa Kiswahili yaweza kuwa sauti isiyovuma sana, na yaweza kuwa sauti ya besi. Muktadha ndio huamua, na mara nyingi hauamui. Mwalimu wa kwaya anayesema ‘shusheni sauti’ huwapata waimbaji wawili wakishusha kidatu na wengine wakipunguza nguvu ya koo. Kislovakia hakichanganyi mambo hayo kwa urahisi. Kidatu hupimwa kwa urefu wa kwenda juu na kina: ‘vysoký tón’ ni noti ya juu, ‘hlboký tón’ ni noti yenye kina, na mwenye besi ana ‘hlboký hlas’. Nguvu ya sauti haipimwi kwa kipimo hicho. Ina vivumishi vyake viwili vinavyokabiliana, ‘hlasný’ na ‘tichý’, na vielezi vyake, ‘nahlas’ na ‘potichu’. Mwanafunzi anayetaka kusema kwamba bibi fulani aliimba kwa sauti ya chini, akatafuta neno la ‘chini’ na kulipachika kwenye ‘hlas’, ataeleweka kuwa anasema bibi huyo ana koo la besi. Msikilizaji hatamsahihisha, kwa kuwa sentensi ni sahihi kisarufi. Atakwenda zake akiamini alichosikia.

Haki inataka isemwe kwamba hata Kislovakia kina mwanya. ‘Zvýšiť hlas’, kwa maneno yenyewe ‘kuinua sauti’, haina maana ya kupanda kidatu bali kusema kwa nguvu, hasa kwa hasira, kama vile Kiswahili kisemavyo ‘kupaza sauti’. Na kwa upande wa pili, Kiswahili nacho kina njia ya kutaja kidatu bila utata, nayo ni ‘sauti nzito’ na ‘sauti nyembamba’. Hapa lugha mbili zisizo na udugu wowote zinakaribiana sana, kwani Mslovakia naye husema ‘hrubý hlas’, sauti nene, na ‘tenký hlas’, sauti nyembamba. Mwanafunzi angefanya vema kuanza na jozi hii anapotaka kutaja kidatu, ili ‘tichý’ ibaki peke yake katika kazi yake.

La tatu ni ‘polepole’. Neno hili ni hazina ya Kiswahili, maana limeunganisha mwendo na tabia: afanyaye jambo polepole haendi mbio, na pia hatumii nguvu. Chimbuko lake ni ‘pole’, neno la upole na la kumliwaza aliyepatwa na jambo. ‘Muziki wa polepole’ kwa hiyo huleta akilini muziki usio na haraka wala kishindo. Katika Kislovakia sifa hizo mbili hazina budi kutajwa kila moja kwa neno lake: ‘pomalá hudba’ ni muziki usiokwenda mbio, na hauna ahadi yoyote juu ya nguvu yake. Muziki wa wanavijiji wa Slovakia wenyewe ni ushahidi. Ziko nyimbo ziitwazo ‘trávnice’, zilizoimbwa na wanawake katika mashamba ya majani wakati wa kukata na kuanika nyasi. Mwendo wake ni wa kuvuta, silabi moja ikitandazwa juu ya noti nyingi. Lakini ziliimbwa nje, kwa sauti kamili, ili zivuke bonde na kuwafikia walio upande wa pili. Ni nyimbo za polepole zisizo na utulivu hata kidogo. Anayeziita ‘tiché piesne’ kwa sababu hazina haraka amekosa neno, na pengine amekosa pia kuzisikia.

Ipo na hatari ya nne, ndogo lakini yenye uchungu. Mwanafunzi aliyesahau ‘tichý’ hukimbilia ‘slabý’, maana yake dhaifu. Akizungumzia mlio unaofifia, ‘slabý zvuk’ hukubalika. Lakini ‘slabá pieseň’ ni wimbo usio na thamani, na ‘slabý spev’ ni uimbaji mbovu. Mtu aliyekusudia kumsifu mwimbaji kwa upole wa sauti yake amemtukana mbele ya watu.

Ukimya usemao na ukimya usiosema

Sasa laweza kurudiwa lile fumbo la mwanzo. Jina ‘ticho’ ni kimya, na umbo hilo hilo hutumika kama kielezi, ‘kwa utulivu’. ‘Ticho!’ ni amri ya mwalimu darasani. ‘Ticho ako v hrobe’ ni kimya kama cha kaburini. Bahari ya Pasifiki huitwa ‘Tichý oceán’. Mume na mke wasiosemezana husemwa wana ‘tichá domácnosť’, nyumba kimya, na methali yao husema ‘tichá voda brehy myje’, maji matulivu huosha kingo za mto, ikimaanisha kwamba asiyejionyesha ndiye atendaye. Jirani yake katika Kiswahili ni ‘kimya kingi kina mshindo mkuu’. Katika matumizi haya yote ‘tichý’ ni ngazi, wala si mlango. Ngazi hiyo huanzia mahali ambapo sauti ni ndogo na kushuka hadi mahali ambapo haipo kabisa, na neno ni lile lile njia nzima. Kiswahili kimeweka mlango: upande huu sauti, upande ule kimya. Ndiyo sababu ‘muziki wa kimya’ hausemeki, na ‘tichá hudba’ husemeka.

Kwa kuwa ni ngazi, daraja za ulinganishi zina kazi kubwa. ‘Ticho, prosím’ ni ‘kimya, tafadhali’, huwanyamazisha wapigaji. ‘Tichšie, prosím’ ni ‘punguzeni kidogo, tafadhali’, huwaacha waendelee. Tofauti ni kiambishi kimoja cha ulinganishi, lakini anayekosea kati ya hayo mawili amevunja sherehe ya jirani yake. Adabu kamili hutaka zaidi: ‘Mohli by ste hrať trochu tichšie?’, kitenzi kikiwa katika hali ya masharti na katika nafsi ya wingi, kwani mtu asiye rafiki wala ndugu husemeshwa kwa wingi hata akiwa mmoja.

Zaidi ya hapo lugha hupunguza hata ulaini wenyewe: ‘tichučký’ na ‘tichunký’ ni vidogo vya mapenzi vya ‘tichý’, na ‘tíško’ ni kielezi chenye joto la kumbembeleza mtoto. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kukariri neno, ‘taratibu taratibu’, ‘kimyakimya’, ingawa ‘kimyakimya’ imekwisha pata harufu ya siri. Kwa sauti iliyo kati ya kusikika na kutosikika upo pia ‘polohlasom’, kwa nusu sauti, na ‘šeptom’, kwa kunong’ona.

Kando ya ‘ticho’ kuna ‘mlčať’, kunyamaza. Hapa Kiswahili na Kislovakia vinakwenda sambamba: mahali huwa kimya, mtu hunyamaza. Anyamazaye ana la kusema, ila halisemi. Lugha ya muziki imelichukua shina hili, si lile la kwanza, kuunda jina la kituo katika noti, yaani ‘pomlčka’. Kistari cha uandishi nacho huitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kituo katika wimbo, kwa fikira ya neno hili, si mahali ambapo sauti haipo. Ni mahali ambapo muziki umejizuia. Matamshi ya ‘mlčať’ huwatisha Wazungu wengi, kwa sababu silabi ya kwanza haina irabu na ‘l’ ndiyo inayoibeba. Mtu asemaye ‘mtu’ na ‘nchi’ kila siku, ambapo ‘m’ na ‘n’ ni silabi kamili, hana sababu ya kutishika.

Vilevile ‘tlmiť’, ambayo nayo hutegemea ‘l’, yataka uangalifu. Ni kufifisha: ‘tlmené svetlo’ ni mwanga uliofifishwa, ‘tlmená hudba’ ni muziki uliozuiwa na ukuta, na mlango, au na kizuizi kilichobanwa juu ya nyuzi za fidla. Muziki huo huenda unapigwa kwa nguvu sana huko utokako. ‘Tichá hudba’ ni laini tangu kwa mpigaji. ‘Tlmená hudba’ imelainishwa njiani. Tena, mpigaji wa Kislovakia akisoma neno la Kiitaliano ‘piano’ juu ya noti zake hafikirii chombo, kwa sababu chombo chenyewe hukiita ‘klavír’. Kwake ‘piano’ ni amri ya kupiga potichu, na mgeni anayeambiwa ‘piano!’ hapaswi kwenda kuifungua kinanda.

Vitenzi

Uhai wa msamiati huu umo katika vitenzi, nao ndio huonyesha kwamba utulivu, kwa fikira ya Kislovakia, huja na huondoka. Kama lugha nyingine za Kislavi, Kislovakia huwa na vitenzi viwili kwa tendo moja, kimoja kwa tendo lililokamilika na kingine kwa tendo linaloendelea au linalorudiwa. ‘Stíšiť’ ni kupunguza sauti mara moja ikawa imepungua. ‘Stišovať’ ni kuwa katika kupunguza, au kupunguza kila mara. Mpiga ngoma anayesifiwa kwa kupunguza taratibu ubeti hata ubeti hutaka kitenzi cha pili.

Kisha kuna vitenzi vya hali. ‘Hudba stíchla’ ni muziki ulitulia, ama ukawa laini, ama ukaacha. ‘Hudba zmĺkla’ ni muziki ulinyamaza. Shina ni lile la ‘mlčať’, na ‘l’ hapa si silabi tu bali ni silabi ndefu, jambo ambalo Kiswahili hakina. Dhoruba na upepo ‘utíchnu’, hukoma baada ya ghasia. Na kizuri kuliko vyote ni kitenzi ‘znieť’, kulia au kusikika kwa mlio, pamoja na watoto wake: ‘zaznieť’, kuanza kusikika, na ‘doznieť’, kulia hadi mwisho wa mlio. Mpigaji akiinua mkono juu ya nyuzi kazi yake imekwisha, lakini sauti bado i hewani. Muda huo, hadi sikio lisipate kitu tena, ndio wa ‘doznievať’. Hakuna aliyenyamazisha kitu, wala kitu hakikunyamaza. Kimefika tu. Viambishi awali ‘za-’ na ‘do-’ hufanya hapa kazi ambayo Kiswahili kingeifanya kwa sentensi nzima, kama vile Kiswahili kifanyavyo kwa kiishio kimoja cha kitenzi kazi inayoilazimu Kislovakia kutumia maneno matatu.

Tofauti hiyo ya mbinu huonekana vizuri katika jina la wimbo wa kumlaza mtoto. Kislovakia huuita ‘uspávanka’. Shina ni ‘spať’, kulala. Kwa kiambishi awali ‘u-’ hupatikana ‘uspať’, kumfanya mtu alale. Kwa kurefusha huwa ‘uspávať’, kuwa katika kumlaza. Na kutoka hapo huundwa jina. Kiswahili hupata ‘laza’ kutoka ‘lala’ kwa mabadiliko mwishoni mwa neno, lakini jina la wimbo wenyewe kilitoa kwingine, kwenye ‘bembea’ na ‘bembeleza’. Kislovakia kiliangalia usingizi, Kiswahili kikaangalia mwendo wa kupembea. Mama wa Kislovakia naye hupembeza, ‘kolísať’, na ana maneno ya kulala ambayo hutumika kwa watoto tu, ‘búvať’ na ‘hajať’. Mtu mzima hawezi kuambiwa maneno hayo ila kwa mzaha.

Fujara

Ipo ala moja ambayo huuweka msamiati huu wote katika majaribio. Fujara ni filimbi ya wachungaji wa kondoo, hasa wa eneo la Podpoľanie lililo chini ya mlima Poľana katikati ya nchi. Urefu wake ni kama sentimita 160 hadi 200, hata mpigaji husimama ameishika wima mbele yake, na hewa hupita kwanza katika bomba dogo lililofungwa pembeni kabla ya kuingia katika bomba kuu. Matundu ya vidole ni matatu tu. Noti nyingi za fujara hazitokani na vidole bali na pumzi: pumzi ndogo hutoa sauti nzito za msingi, na pumzi ikiongezwa sauti hurukia noti za juu zilizojificha ndani ya zile za msingi. Mwaka 2005 Shirika la UNESCO liliitangaza fujara na muziki wake kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika.

Mpigaji mara nyingi huanza kwa ‘rozfuk’, mpulizo mkubwa wa noti za juu zinazoporomoka kwenda chini. Neno lenyewe limetoka katika ‘fúkať’, kupuliza, likiwa na kiambishi ‘roz-’ cha kutawanya. Baada ya mporomoko huo ndipo huja sauti nzito za pumzi ndogo, na wimbo. Katika ala hii, kwa namna ilivyotengenezwa, noti za kidatu cha chini ndizo noti za nguvu ndogo. Huwezi kupata noti ya juu potichu kabisa, wala huwezi kuitoa ile ya msingi kwa kishindo, kwani ukizidisha pumzi noti yenyewe huruka. ‘Hlboký’ na ‘tichý’, maneno ambayo Kislovakia kimeyatenga kwa uangalifu, hapa hutokea pamoja. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyekatazwa mara mia kusema ‘sauti ya chini’ anaweza kulisikiliza jambo hilo kwa faraja: mbele ya fujara msemo wake hauna kosa, kwa kuwa maana zake zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja.

Upande wa Kiswahili

Swali la vitendo hubaki kwa mfasiri na kwa mtunga kamusi. ‘Tichá hudba’ iitwe nini? ‘Muziki wa polepole’ huongeza mwendo usiotajwa. ‘Muziki wa sauti ya chini’ huingiza kidatu. ‘Muziki hafifu’ una kasoro ile ile ya ‘slabý’, kwani kihafifu ni kitu duni. ‘Muziki laini’ na ‘muziki mwororo’ husifu mguso wake, nao ungeweza kuwa na nguvu na bado ukawa laini. ‘Muziki mtulivu’, uliotumika katika anwani ya makala haya, una upungufu mdogo kuliko mengine, ingawa hueleza zaidi hali ya moyo wa msikilizaji kuliko kipimo cha sauti, na kwa Kislovakia hiyo ingekuwa ‘pokojná hudba’.

Kwa mazungumzo ya kawaida upungufu huu haudhuru. Hudhuru darasani na mbele ya kwaya, pale ambapo ‘polepole’ ya mwalimu hupunguza mwendo wa nusu ya waimbaji na nguvu ya nusu nyingine. Kiswahili kina zana za kutosha za kuepuka hilo: ‘kidatu’ kwa juu na chini ya noti, ‘mwendo’ kwa kasi, ‘nguvu ya sauti’ kwa kile ambacho Kislovakia hukipima kwa ‘hlasný’ na ‘tichý’. ‘Punguzeni nguvu ya sauti, mwendo ubaki’ ni sentensi ndefu kuliko ‘tichšie’, lakini hakuna mwimbaji atakayekosea kuifuata. Kwa ‘doznieť’ hakuna neno moja. ‘Mlio ulififia hadi ukaisha’ ndiyo tafsiri iliyo karibu, ikiwa mfasiri atakumbuka kutomweka mtu yeyote anayeuzima.